Je, Inafaa Mwislamu Kuzuru Majumba ya Wafalme?



Mara nyingi katika Kurani Tukufu Mwenyezi Mungu amewaamrisha watu watembee katika ardhi na kutazama mwisho wa wale waliowatangulia. Katika Sura Al-Hajj anataja visima vilivyoachwa bila wa kuteka na majumba marefu yaliyobaki bila wenyewe, kisha anauliza mbona watu hawasafiri ili mioyo yao ipate kufahamu. Kwani upofu ulio mbaya si ule wa macho, bali ni upofu wa moyo uliomo kifuani.

Zama zetu zimeifanya amri hii kuwa nyepesi. Majumba mengi ambayo zamani raia hakuthubutu kuyakaribia ila kwa kuitwa, leo yamefunguliwa kwa watu wote. Mtoto wa mkulima wa hapa Mjimwema, Songea, akisafiri kwa basi mpaka Dar es Salaam na kuvuka bahari mpaka Unguja, aweza kulipa kiingilio na kuingia Beit al-Sahel, jumba la masultani wa Zanzibar, akatazama vyombo vyao na vyumba walimolala. Aweza pia kupitia Kilwa Masoko na kuvuka kwa mashua mpaka Kilwa Kisiwani, akasimama juu ya mwamba wa pwani palipo magofu ya Husuni Kubwa, jumba la sultani lililojengwa katika karne ya 14. Je, safari hizi zina faida yo yote kwa mtu wa dini?

Wako watu wa namna mbili wanaosema hazina. Wa kwanza ni ndugu zetu wacha Mungu, ambao huona kwamba kutazama fahari ya wafalme ni kuilisha nafsi tamaa ya dunia. Wa pili ni watafutaji wa haki, na hasa wazee wa nchi hizi za kusini, ambao hutuuliza swali lililo zito zaidi. Husema: Majumba yale yalikuwa ya Waislamu, na utajiri wake ulitoka katika jasho la watumwa, na watumwa wale walichukuliwa kutoka huku kwetu. Basi mnatualika katika dini ya nani, ya Mungu au ya wenye majumba?

Maswali yote mawili yanastahili jibu, nasi kwa msaada wa Mwenyezi Mungu tutayajibu moja baada ya jingine.

Ama kuhusu swali la kwanza, ni lazima tufahamu kwamba Kurani Tukufu imetaja kutazama kwa namna mbili. Katika Sura Al-Hajj kutazama kunaamrishwa, lakini katika Sura Ta Ha Mtume s.a.w. anaambiwa asiyakodolee macho mapambo ya maisha ya dunia waliyopewa baadhi ya watu. Jicho ni lile lile, na huenda jumba likawa lile lile. Kinachotofautiana ni nia. Mmoja hutazama ili ajue, na mwingine hutazama ili atamani. Wa kwanza hutoka jumbani akiwa na mazingatio, na wa pili hutoka akiwa na kinyongo juu ya nyumba yake ya matofali ya kuchoma na bati, ambayo asubuhi ile alikuwa akimshukuru Mungu kwa ajili yake.

Hadithi mashuhuri yasimulia kwamba Hadhrat Umar r.a. aliingia siku moja katika chumba cha Mtume Mtukufu s.a.w., akaona alama za mkeka zimechorwa ubavuni mwake, na chumbani hamna kitu cha thamani. Umar akalia, akikumbuka raha walizokuwa nazo Kisra wa Uajemi na Kaisari wa Rumi. Mtume s.a.w. akamwuliza kama haridhiki kwamba wale wapate dunia nasi tupate Akhera. Zingatia, ndugu msomaji, kwamba Mtume s.a.w. hakumlaumu Umar kwa kuyajua mambo ya majumba ya Kisra. Alimsahihisha kipimo chake tu.

Nabii Sulaiman a.s. mwenyewe alikuwa na jumba, na katika Sura An-Naml limekuwa darasa. Malkia wa Saba, aliyekuwa akiabudu jua pamoja na watu wake, aliingizwa ndani yake, akadhani sakafu ni maji, akapandisha nguo zake. Kumbe ilikuwa vioo, na maji yako chini yake. Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa na mwanzilishi wa Jumuiya ya Ahmadiyya, ameeleza katika maandishi yake kwamba ulimwengu huu ni kama jumba lile. Jua na mwezi na nyota ni vioo, na nguvu ya Mwenyezi Mungu ndiyo yapita nyuma yake. Mwenye kuabudu kioo amekosea akakidhani kuwa ni maji. Malkia alipofahamu, alisilimu. Basi yuko mtu aliyeingia katika jumba la mfalme akiwa mshirikina, akatoka akiwa anamjua Mungu Mmoja.

Wazee wa pwani yetu walilijua darasa hili. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, aliyetunga Al-Inkishafi, aliuchukua moyo wake mwenyewe na kuuonyesha nyumba za matajiri wa Pate zilizokuwa zimebomoka, ili uache kudanganywa na dunia. Basi kuzuru majumba kwa mazingatio si jambo jipya lililoletwa na watalii.

Na tukiyatazama majumba ya Zanzibar kwa jicho hilo, tutaona nini? Jumba la Mtoni, alilokaa Sayyid Said bin Sultan na alimozaliwa binti yake Salme mwaka 1844, ni magofu kando ya bahari. Jumba la Maruhubi, alilojenga Sayyid Barghash kuanzia mwaka 1880, liliteketea kwa moto mwaka 1899, na zilizobaki ni nguzo zisizobeba kitu. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zililipiga mizinga jumba la Sultani mjini, na kwa muda usiotimia saa moja mamia ya watu wakauawa au kujeruhiwa na jumba likabomolewa. Beit al-Sahel tulionalo leo lilijengwa upya baada ya siku hiyo. Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 na ambalo liliwahi kuwa jengo refu kuliko yote mjini, lilianguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 lilipokuwa likifanyiwa matengenezo, na watu wawili wakafa.

Mwaka ule ule wa 1896, miezi minne baada ya mizinga ile, makala ya Seyidna Ahmad a.s. juu ya mafundisho ya Islam ilisomwa mjini Lahore katika mkutano wa dini mbalimbali. Makala hiyo ingali inasomwa duniani kote katika lugha nyingi. Mtungaji wake alizaliwa katika ukoo uliotawala Qadian na vijiji vilivyoizunguka, na sehemu kubwa ya milki hiyo ilikuwa imepotea katika zama za Masingasinga kabla yeye hajazaliwa. Wala hakuutumia umri wake kuirudisha.

Sasa tuje kwenye swali la pili, ambalo ndilo lenye uzito.

Yapo majibu mepesi ambayo baadhi ya Waislamu hupenda kuyatoa. Wengine husema kwamba watumwa wa Unguja walitunzwa vizuri kama watoto wa nyumbani. Wengine husema kwamba Wazungu walifanya mabaya zaidi. Majibu haya hayafai. Mtu aliyeporwa mtoto wake hatulizwi kwa kuambiwa kwamba mtoto anakula vizuri kwa mwizi, wala kwamba jirani ameporwa wawili. Tuseme kweli, kwani Kurani Tukufu katika Sura An-Nisaa imetuamuru tuwe mashahidi wa haki hata kama ni juu ya nafsi zetu.

Na ukweli ni huu. Katika karne ya 19 misafara ilitoka pande za Ziwa Nyasa, ikapita katika nchi hizi za kusini, ikashukia Kilwa Kivinje, na bidhaa yake kuu pamoja na pembe za ndovu ilikuwa watu. Wengi wao walivushwa mpaka Unguja. Sayyid Said alikuwa amehimiza sana kilimo cha karafuu, na mashamba yale yalihitaji mikono. Mgeni anayezuru Kidichi leo huonyeshwa hamamu nzuri ambayo Sayyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi mwaka 1850, yenye nakshi za maua na ndege ukutani. Lakini bustani ya kweli ya masultani haikuwa ile iliyonakshiwa ukutani. Ilikuwa mashamba ya karafuu, na waliopanda na kuchuma walikuwa wana wa nchi hizi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa nguvu ya sheria huko mwaka 1897 tu.

Wala tusisahau kusema kwamba sisi wa bara hatukuwa wote wasafi. Wafalme wa Kingoni wa Njelu na Mshope waliziteka jamii nyingine na kuzitumikisha, na wako machifu mbalimbali waliowauza majirani zao kwa nguo na bunduki. Dhambi hii ilikuwa na wauzaji kama ilivyokuwa na wanunuzi.

Je, dini ya Islam inasemaje juu ya watu hawa, wauzaji na wanunuzi? Katika Sura Al-Anfal haikuruhusiwa kuwatia watu utekani ila katika vita halisi, na katika Sura Muhammad imeamrishwa kwamba hata mateka wa vita hivyo hatimaye waachwe, ama kwa hisani ama kwa fidia. Katika Sura An-Nur mtumwa anayetaka mkataba wa uhuru apewe, na tena asaidiwe kwa mali. Katika Sura Al-Balad, Mwenyezi Mungu anapoieleza njia ngumu ya kupanda juu, jambo la kwanza analolitaja ni kumwacha huru mtumwa. Na katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari, Mwenyezi Mungu anasema kwamba Siku ya Kiyama atakuwa mshitaki wa watu watatu, na mmoja wao ni yule aliyemwuza mtu huru akala thamani yake. Sasa mkulima aliyekamatwa usiku kijijini kwake kando ya Ziwa Nyasa, ambaye hakupigana na mtu, alikuwa mateka wa vita gani? Alikuwa mtu huru. Kila aliyemwuza na kula thamani yake, awe na kilemba au asiwe nacho, mshitaki wake ni Mungu Mwenyewe.

Kwa hiyo, ewe mtafutaji wa haki, usiihukumu Islam kwa majumba yale. Yahukumu majumba yale kwa Islam. Milango ya Beit al-Ajaib ilichongwa aya za Kurani Tukufu kwa nakshi za kupendeza. Aya zile hazikuwa zikimsifu mwenye nyumba. Zilikuwa zikimshuhudia kila siku alipoingia na kutoka.

Lakini haki yataka pia tuseme mema ya waliotenda mema. Sayyid Barghash aliyetia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa, ingawa alishurutishwa na Waingereza, ndiye pia aliyeleta mjini maji safi kwa mfereji kutoka katika chemchemi, wakanywa matajiri na maskini. Jumba alilojijengea Maruhubi halikudumu hata miaka ishirini. Lakini habari ya maji aliyowapa watu husimuliwa hata leo.

Mfano ulio wazi zaidi uko Kilwa. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika huko, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyejulikana kwa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipaji. Huyu ndiye ambaye jina lake limehusishwa na Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya mia na birika la kuogea la pembe nane. Ajabu ni kwamba Ibn Battuta hakutuachia sifa za jumba hilo. Alichotuachia ni habari ya nguo. Anasimulia kwamba Sultani alipotoka katika sala ya Ijumaa, fakiri mmoja kutoka Yemen alimwomba nguo zile zile alizovaa. Sultani hakumwambia aje kesho. Alirudi, akaingia katika nyumba ya khatibu, akavaa nguo nyingine, na zile akampa fakiri. Pia anasimulia kwamba Sultani huyo alikaa na mafakiri na kula pamoja nao. Alipokufa, alitawala ndugu yake Daud, ambaye mwombaji akimjia alimjibu kwamba aliyekuwa akitoa amekwisha kufa, wala hakuacha kitu cha kutolewa.

Hata hivyo habari hiyo ina sehemu ya pili, ambayo wasimulizi wengi huiruka. Mwana wa Sultani alizichukua zile nguo kwa fakiri, akampa badala yake watumwa kumi. Na Sultani aliposikia jinsi watu walivyokisifu kitendo chake, akaamuru fakiri aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe. Na Ibn Battuta huyo huyo asema kwamba Sultani alikuwa akifanya mashambulizi mara kwa mara katika nchi ya watu weusi wa bara na kuleta ngawira.

Tafakari hapa, ndugu msomaji. Katika kisa kimoja mtu mmoja ametoa mara mbili. Mara ya kwanza alitoa nguo, na mara ya pili alitoa watu. Nguo zilikuwa zake, lakini watu hawakuwa wake. Kipaji cha kwanza kimelifanya jina lake likumbukwe kwa heri mpaka leo, na kipaji cha pili, ambacho kwa hesabu ya dunia ni kikubwa zaidi, kinamhitaji kusamehewa. Na sisi je? Hatuna majumba, lakini hatukosi kugawa visivyo vyetu. Mtu hutoa sadaka hadharani hali ujira wa kibarua wake haujalipwa. Mwingine humkirimu mgeni kwa mahindi ya yatima aliyekabidhiwa. Mwingine humwozesha binti yake kwa kumridhisha rafiki, bila ridhaa ya binti mwenyewe. Husuni Kubwa liko Kilwa, bali chumba chake kimoja kimo katika kila nyumba.

Seyidna Ahmad a.s. alipewa na Mungu habari kwamba wafalme watatafuta baraka katika nguo zake. Tazama jinsi mambo yalivyogeuka: huko Kilwa fakiri alitafuta nguo za mfalme, na hapa wafalme wanaahidiwa kuzitafuta nguo za mja wa Mungu ambaye hakukaa katika jumba la kifalme. Baraka ya vazi huletwa na aliyelivaa.

Hapa mjini kwetu hatuna jumba la mfalme la kuonyesha. Nyumba za wafalme wa Kingoni zilikuwa za miti na nyasi, na zimerudi udongoni. Lakini pale Mahenge pana Makumbusho ya Majimaji, yenye kaburi na sanamu za ukumbusho wa mashujaa walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906, akiwamo Nkosi Mputa Gama, na Nduna Songea Mbano ambaye mji umechukua jina lake. Kila mwezi Februari watu hukusanyika hapo. Masultani wa Unguja waliacha kuta, na hawa hawakuacha hata jiwe moja la nyumba. Hata hivyo watu wanajua pa kwenda. Kumbukumbu ya mtu haihitaji paa.

Basi mtu akizuru mahali kama hapa afanyeje? Kwanza asisujudie kwa moyo wake, wala asitemee mate. Uzuri wa nakshi haukufanya kosa lo lote; fundi aliyeichonga alitumia kipaji alichopewa na Mungu, naye pengine alikuwa mtumwa. Pili, mbele ya kila kitu kizuri aulize: Nani alibeba jiwe hili? Nani aliteka maji ya birika hili? Majina yao hayakuandikwa ukutani, lakini kwa Mungu yameandikwa. Awaombee dua. Tatu, asivunje jiwe kuwa ukumbusho wala asichore jina lake ukutani. Mahali pale ni amana ya watoto wetu. Nne, atokapo ajiulize ni haki ya nani imo nyumbani kwake mwenyewe, na aitoe kabla ya kulala.

Jambo la mwisho la kuzingatia ni hili. Majumba ya wafalme hayakufunguliwa kwa hiari. Jumba la Zanzibar lilifunguliwa kwa watu baada ya mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, likaitwa Jumba la Wananchi, na mwaka 1994 likawa makumbusho. Sultani wa mwisho, Jamshid bin Abdullah, aliishi Uingereza kwa miongo mingi na akafariki Oman mwaka 2024. Siku ambazo yeye alikuwa ugenini, watoto wa shule walikuwa wakipita katika vyumba vya ukoo wake wakiwa na madaftari mkononi.

Lakini iko Nyumba moja ambayo ilikuwa wazi kwa watu tangu siku ya kwanza. Kurani Tukufu yasema juu ya Msikiti Mtakatifu wa Makka kwamba mwenyeji na mgeni wako sawa ndani yake. Nabii Ibrahim a.s. na mwanawe Ismail a.s. waliinua kuta za Al-Kaaba kwa mikono yao wenyewe, bila kumtumikisha mtu. Na siku Makka ilipotekwa, Mtume Mtukufu s.a.w. alimwamuru Bilal r.a., aliyekuwa mtumwa aliyeteswa katika mchanga wa mji ule ule, apande juu yake na kuadhini. Mabwana wa Kikureshi walisimama chini, na mtumwa wao wa jana alisimama juu ya Nyumba iliyo tukufu kuliko zote. Hiyo ndiyo dini tunayokualika, ewe mzee wetu wa kusini uliyetuuliza, na Nyumba yake ni hiyo.

Mwenyezi Mungu atujaalie macho yanayoona na mioyo inayofahamu, awarehemu wale waliojenga pasipo kutajwa, na atuepushe na kutoa kisicho chetu. Amin.